Mtoto wa Panga ya Saidi na wenzake: mifupa ya kale inatuambia nini kuhusu walivyoishi na walivyougua (uzi mrefu kidogo)

Mwiko na Brashi:

Wakuu heshima kwenu. Kwenye ule mjadala wa magofu ya Kilwa niliulizwa swali nikaahidi kulijibu, kwamba hawa wanaofukua mifupa ya watu wa kale wanapata nini hasa, si wamwache marehemu alale. Swali ni la haki kabisa na limenikaa kichwani muda mrefu, leo nimepata nafasi kwahiyo nakaa chini naandika, mnivumilie urefu.

Nianze na jino. Mwaka wa pili chuo tulikuwa fildi huko pwani, msimamizi akanipa taya la chini la mtu mzima lina udongo umegandia, akanipa na kijiti cha mwanzi na brashi laini, akaniambia chuma kisiguse hapa. Nikakaa nalo karibu asubuhi nzima. Udongo ulipotoka kwenye chonge akaniambia haya pitisha ukucha wako, anzia kwenye ncha shuka mpaka kwenye fizi. Nikapitisha, ukucha ukakwama. Nikaendelea kidogo ukakwama tena. Ni vijifereji viwili vyembamba vimezunguka jino kama alama ya uzi uliokazwa kwenye kidole. Akanieleza kwamba hiyo chonge ya ukubwani inajijenga ndani ya taya ukiwa bado mtoto, toka uchanga mpaka kama miaka 6 hivi, inajijenga tabaka kwa tabaka, na siku mtoto akiugua sana au njaa ikipiga nyumbani mwili unasitisha ujenzi, akipona unaendelea, pale uliposimama panabaki mfereji na haufutiki tena maana jino halijikarabati kama mfupa. Ukipima mfereji uko umbali gani kutoka kwenye fizi unakadiria alikuwa na miaka mingapi. Huyu aliumwa mara mbili kabla hajafikisha umri wa kwenda shule, na mara zote mbili akapona akakua akawa mtu mzima mwenye magego yaliyolika kwa kutafuna. Kuna mtu alikesha nae. Hakuna tarikh yoyote (kitabu cha historia) iliyoandika hilo ila jino limeandika.

Toka siku ile mimi sijaweza kuita mifupa "mabaki" kirahisi rahisi.

Sasa twende Kilifi kuna pango linaitwa Panga ya Saidi (panga hapo ni pango, sio panga la kufyekea). Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani walianza kuchimba pale 2010. 2013 wakaanza kuona vipande vya mfupa lakini vimechoka vibaya sana, ukigusa vinageuka unga. Mpaka 2017 ndo wakalifikia shimo lenyewe vizuri, kama mita 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango. Wakaona tukilazimisha kutoa mfupa mmoja mmoja tunapoteza kila kitu, wakalifunga plasta lile bonge zima la udongo kama unavyofunga mguu uliovunjika, likaenda Nairobi halafu likapelekwa Burgos kule Uhispania kwenye maabara yenye mashine za skani. Wakati wanasafisha yakajitokeza meno mawili. Meno ya mtoto wa binadamu, kati ya miaka 2 na nusu na 3. Umri wa kaburi, miaka 78,000. Ndo kaburi la binadamu kama sisi la zamani kuliko yote yanayojulikana Afrika, na wakampa jina kwa Kiswahili, Mtoto. Taarifa ilitoka 2021.

Watu wengi wakasambaza ile namba ya 78,000 wakaishia hapo. Mimi kilichonishika ni alivyolazwa. Amelala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mbavu na mfupa wa bega havikusambaa wakati nyama inaoza, vimekaa palepale, na mfupa haukai palepale kwenye shimo kama hakuna kitu kilichoubana, kwahiyo alikuwa amefungwa kwenye kitu, ngozi au majani, kilichooza baadae. Halafu kichwa. Kichwa kiliporomoka kwa namna inayoonyesha chini yake palikuwa na kitu laini kimekiinua, nacho kikaoza, shingo ikashuka. Kwa maneno mengine walimwekea mto.

Fikirieni hilo jambo. Hakuna shamba wakati huo, hakuna chungu, hakuna kijiji, kuna watu wanaishi kwa kuwinda na kuokota, mtoto wao wa miaka mitatu amefariki na kuna mtu amekunja majani akamwekea chini ya kichwa. Nawasilisha, karibuni kwa maswali.

Kigogo Mwandamizi:

Mkuu uzi umeenda shule. Ila mi naomba kuelewa kitu kimoja, mnapata umri na jinsia kutoka wapi? Maana mfupa ni mfupa tu, naona mnasema huyu mwanamke miaka 35 kama vile ana kitambulisho.

Mwiko na Brashi:

@Kigogo Mwandamizi swali zuri. Kwanza 35 kamili hakuna mtu makini anasema, tunasema kati ya 30 na 40 hivi, na kwa wazee hata hiyo inatanuka zaidi.

Kwa watoto ndo rahisi kwasababu meno yanaota kwa ratiba inayojulikana, halafu mifupa mirefu ya mtoto inakuwa na vichwa ambavyo bado havijaungana na mwili wa mfupa, vinaungana kimoja kimoja kadri anavyokua. Wa mwisho kabisa ni mtulinga, ule mfupa unaotoka bega kuja kifuani, ncha yake ya upande wa kifua inamalizia kuungana miaka ya 20 na kitu huko. Kwahiyo ukikuta haijaungana unajua kijana huyu. Baada ya hapo unasoma kuchakaa, sehemu nyonga mbili zinapokutana mbele, meno yalivyolika na kadhalika.

Jinsia ni nyonga. Mwanamke nyonga imejengwa kupitisha mtoto, ni pana, na kuna kona fulani nyuma yake ambayo ukiweka kidole gumba kwa mwanamke kinacheza, kwa mwanaume kinabanwa. Fuvu linasaidia ila linadanganya. Na kwa mtoto ambaye hajabalehe nyonga haisemi chochote, hapo mpaka DNA au protini za kwenye jino.

Bint Mvita:

Asalaam aleikum nyote. Mimi nimesoma hadi mwisho na hio habari ya mto imenitoa machozi, sina haja ya kuficha, nimezika mtoto. Lakini nina mambo mawili. La kwanza, kalazwa ubavu wa kulia na kavishwa kama sanda, hivi ndivyo tuzikavyo sisi hadi leo, hamuoni kuna jambo hapo? La pili, maiti wa Kiislamu ana haki zake, kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja mfupa wa aliye hai, hivyo twafunzwa. Huko Mtwapa na Manda, miji ya kale ya pwani ya Kenya, walipofukua makaburi walimuuliza nani?

Mwiko na Brashi:

Waaleikum salaam dada, pole sana kwa kumpoteza mwanao, Mungu amjalie pema.

La ubavu wa kulia hata mi lilinigusa nilipolisoma mara ya kwanza. Lakini lazima niwe mkweli, huyo ni mtoto mmoja, na kati yake na Uislamu kufika pwani kuna miaka zaidi ya 76,000 hapo katikati, hatuwezi kuunganisha uzi. Alilazwa upande huo kwasababu wanazozijua waliomlaza. Sisi pwani tunamlaza ubavu wa kulia uso uelekee kibla, ambayo kwetu iko kaskazini, na kwa mwanaakiolojia hiyo ni alama kubwa sana, ndo inavyojulikana mji fulani watu walianza kusilimu karne ipi hata kama hakuna msikiti uliobaki umesimama.

La pili ndo zito na umeuliza vizuri. Profesa Chapurukha Kusimba ambaye ni Mkenya na amefanya kazi pwani kwa miongo mingi, alikaa na wenyeji kwanza kuomba ridhaa, na utaratibu ukawa marehemu aguswe kidogo iwezekanavyo, sampuli ichukuliwe halafu azikwe tena msimu uleule. Sio kubebwa akawekwe kwenye kabati la watu. Mimi naamini hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe kila mahali na sina kigugumizi kwa hilo.

Na kilichopatikana ni kitu kikubwa kwetu sote wa pwani. 2023 walitoa matokeo ya DNA ya watu 80 wa kati ya mwaka 1250 na 1800, kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na bara kidogo. Ikaonekana kwa wengi wa wale wa miji ya pwani, upande wa kina mama ni Waafrika karibu wote, na upande wa kina baba kuna damu nyingi ya Uajemi, na kuchanganyika kulianza kwenye mwaka 1000 hivi. Baadae ndo ikaingia zaidi ya Arabuni. Ile habari ya Washirazi, kwamba wazee wetu walitoka Uajemi, iliyoko kwenye tarikh ya Kilwa, ambayo wasomi kibao waliiona kama ya kujipamba tu, mifupa imeiunga mkono kwa sehemu. Lakini mifupa hiyohiyo inasema bibi zetu walikuwa ni wa hapahapa, na ndo maana lugha tunayoandikia huu uzi ni ya Kibantu, mtoto anaongea lugha ya mamake.

Ila angalizo: waliopimwa wengi ni wa makaburi ya matumbawe karibu na misikiti, yaani watu wenye uwezo. Mvuvi na mkulima wa pembeni ya mji hayumo sana humo.

Bint Mvita:

Nimekufahamu kakangu. Kama walizikwa tena basi moyo umetulia kiasi.

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Mimi ni muuguzi wodi ya watoto. Naomba kujua magonjwa, maana tunachokiona wodini kila siku ni malaria, upungufu wa damu, nimonia, kuharisha. Hayo yanaonekana kwenye mifupa au?

Mwiko na Brashi:

Dada nesi umegusa penyewe.

Upungufu wa damu wa muda mrefu unaonekana. Mwili unahangaika kutengeneza damu, uboho unatanuka, na kwenye paa la tundu la jicho, ile sehemu ya ndani juu ya mboni, mfupa unatoboka vitundu vidogo vidogo kama sponji. Ukiligeuza fuvu la mtoto ukamulika tochi mule ndani unaviona kwa macho tu. Ila haikwambii sababu moja kwa moja, inaweza kuwa minyoo, malaria ya kurudiarudia, lishe au vyote. Kifua kikuu kikiingia kwenye uti wa mgongo pingili zinaliwa mbele zinaporomoka, ndo kibiongo kile. Ukoma unakula mfupa wa pua na ncha za vidole.

Lakini sasa malaria kali inayomchukua mtoto kwa siku tatu, au kipindupindu, au hiyo nimonia, haiachi kitu. Mfupa unahitaji wiki na miezi kuandika. Kwahiyo kuna jambo ambalo wanafunzi wote linatupiga chenga mwanzoni: ukikuta mifupa misafi haina alama hata moja usiseme huyu alikuwa na afya, pengine alikufa haraka kiasi kwamba mwili haukupata muda wa kujibu. Na yule mwenye mifereji kwenye meno na vitundu machoni ndiye aliyekuwa na nguvu ya kuishi na ugonjwa mpaka ukaacha alama. Lile taya nililowasimulia mwanzo ni la mtu aliyeshinda mara mbili.

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Aisee. Hiyo ya mwisho naenda nayo kazini. Maana hata sisi wanaotusumbua moyo ni wale wanaoletwa asubuhi wamenona kabisa na jioni hawapo.

Na walemavu je? Nasikia zamani walikuwa wanaachwa porini.

Mwiko na Brashi:

Hilo la kuachwa porini watu wanalisema kama vile lilikuwa sheria dunia nzima. Kuna kijana alichimbuliwa Vietnam mahali panaitwa Man Bac, aliishi karibu miaka 4,000 iliyopita. Pingili za shingo zimeungana toka kuzaliwa, na mifupa ya mikono na miguu imekonda kama vijiti, maana yake alipooza akiwa kijana mdogo na misuli haikuvuta tena. Akaishi kama miaka 10 hivi katika hali hiyo. Wewe ni nesi unajua miaka 10 ya mtu aliyepooza inataka nini, kugeuzwa asipate vidonda, kulishwa, kusafishwa haja, kila siku. Na hao walikuwa watu wa kuvua, kuwinda na kufuga nguruwe, hakuna godoro wala glavu.

Ndo maana nasema mfupa wa mtu mmoja unakwambia pia habari za waliomzunguka. Fupa la paja lililovunjika likaunga maana yake kuna mtu alikuwa anamletea maji yule jamaa kwa miezi.

Mjukuu wa Kalenga:

Yote mazuri mkuu, lakini mimi ni Mhehe, na neno "kusoma mafuvu" kwetu lina kidonda. Mtwa Mkwawa kafa 1898, fuvu likabebwa Ujerumani, mpaka likaandikwa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza vita kuu ya kwanza, kwamba lirudishwe na bado likaja kurudi 1954. Babu zetu waliokotwa makaburini wakapelekwa kupimwa ukubwa wa kichwa ili mzungu athibitishe kwamba sisi ni wa daraja la chini. Hiyo nayo iliitwa sayansi. Tofauti yenu na wao ni nini?

Mwiko na Brashi:

Mkuu wala sikukatalii hata neno moja. Hii fani ina huo uchafu kwenye mizizi yake na mwanafunzi yeyote wa mifupa ambaye hajafundishwa hilo hajafundishwa.

Huko Berlin kulikuwa na mkusanyiko mkubwa, fuvu 1,135 zilizotoka Afrika Mashariki enzi za ukoloni, nyingi za Rwanda, halafu za kwetu Tanganyika, na chache za Kenya. Wamekaa miaka kadhaa wanatafuta kila moja lilitoka wapi. 2023 wakatangaza kwamba DNA ya baadhi ya mafuvu imeoana na ya ndugu walio hai, familia za Kichaga, na moja ni la mtu aliyekuwa karibu na Mangi Meli, yule chifu wa Kichaga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Fikiria mzee amekaa Kilimanjaro anaambiwa babu yako tumempata yuko kwenye boksi Berlin. Fuvu la Meli mwenyewe familia imelitafuta miaka na miaka.

Umeuliza tofauti. Wao walichukua bila kuuliza, wakapima kutafuta jibu walilokuwa nalo tayari mfukoni, na hawakurudisha. Kwahiyo tofauti haiko kwenye rula wala mashine, iko kwenye kuomba, kwenye swali unalomuuliza marehemu, na kwenye kumrudisha. Mtafiti akikosa moja kati ya hizo tatu na mimi nitamwita jina ulilowaita wale.

Mjukuu wa Kalenga:

Sawa. Nimekuelewa na nashukuru hujazunguka.

Kigogo Mwandamizi:

Na vyakula? Niliwahi kusikia mnajua mtu alikula ugali au wali.

Mwiko na Brashi:

Ugali wenyewe hapana, ila kundi la mimea ndio. Mtama, uwele, ulezi na mahindi vinanasa hewa ya ukaa kwa njia moja, mpunga, ndizi na muhogo kwa njia nyingine, na kaboni inayobaki mwilini inatofautiana, tunapima isotopu (atomi za aina moja zinazotofautiana uzito) kwenye mfupa. Kwahiyo mtu wa pwani wa karne ya 13 akionyesha lile kundi la kwanza ujue ni mtama na uwele, mahindi hayajafika bado, yalikuja baada ya Wareno. Naitrojeni inakwambia kama alikula samaki na nyama kwa wingi, na kwa watoto inaonyesha mpaka lini aliacha ziwa, maana mtoto anayenyonya anasoma juu ya mamake. Na kuna strontiamu, inatoka kwenye miamba inaingia kwenye maji na chakula, inabaki kwenye jino la utotoni. Ukikuta jino linasema bara na kaburi liko pwani basi huyu alihamia. Alikuja mwenyewe au aliletwa, hapo jino halisemi.

Fundi Ujenzi Lindi:

Wakuu samahani nadandia uzi ila hili limenikuta leo leo. Tunachimba msingi wa nyumba ya mteja huku Lindi nje ya mji, vijana wamefika kama kimo cha kiuno wakakuta mifupa, naona kama mguu na vigae vya chungu pembeni. Mteja anasema tuzoe tuweke kwenye kiroba tukazike makaburini tuendelee na kazi. Nifanyeje?

Mwiko na Brashi:

@Fundi Ujenzi Lindi simamisha hiyo kona SASA HIVI, sehemu nyingine ya msingi mnaweza kuendelea. Usioshe, usivute mfupa, usitoe hata kile kigae, vikitoka pale vilipo nusu ya habari imepotea. Piga picha weka kitu pembeni cha kuonyesha ukubwa, hata tepu yako ya kupimia. Funika na turubai, udongo juu kidogo. Halafu mwenyekiti wa mtaa na polisi lazima wajue maana hatujui ni mfupa wa lini, wakiona ni wa zamani taarifa inaenda kwa mtu wa mambo ya kale wa wilaya au mkoa, vitu vya kale vinalindwa na sheria tangu 1964 kwahiyo hata mteja wako unamkinga. Kiroba hapana, nakuomba sana.

Bint Mvita:

Na muwaite wazee wa hapo waje wasome dua. Awe nani awe.

Fundi Ujenzi Lindi:

Nimeongea na mteja kanuna ila kakubali. Tumefunika, mwenyekiti amefika na mzee mmoja, wamesoma. Yule kijana wangu aliyefukua ndo kaniambia kitu nikakumbuka huu uzi, anasema mkono ulikuwa umekunjwa chini ya shavu. Picha nakutumia inbox.

Mwiko na Brashi:

Nimeziona. Nakupigia dakika mbili.